Mkwe Asiye wa Huku Wala wa Kule

"Nyanyua mikono."

"Asnath, usinipime."

"Nyanyua mikono, Matayo. Joho la mchungaji likibana kwapani, waumini watadhani anayewabariki ni kuku anataka kuruka."

"Sitalivaa."

"Utalivaa na kanisa zima litaniuliza nani ameshona. Nyanyua."

"Sirudi chuoni. Nimeacha uchungaji."

Cherehani za jirani zilikuwa zinalia, lakini ndani ya kibanda cha Asnath nikasikia futi ya kupimia inaanguka sakafuni.

Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nimejilaza mkekani. Nilikuwa nimetoka Kwaluguru kuja Korogwe kutibiwa macho. Macho ndiyo mabovu. Masikio yangu hayajawahi kulalamika.

"Wamekufukuza," Asnath akasema.

"Nimeacha mwenyewe. Nimepata kazi ya kufundisha historia."

"Ni mwanamke."

"Si mwanamke."

"Pombe?"

"Asnath, unanijua. Soda ikiwa na gesi nyingi nalewa."

"Basi ni nini?"

"Siamini tena."

"Huamini nini?"

"Jambo lenyewe. Lote."

Nikasikia kiti kinavutwa. Mjukuu wangu Asnath alikuwa amekaa.

"Walitupa kazi ya kuandika," Matayo akasema. "Weka Injili nne mezani, soma asubuhi ile ya kaburini. Nani walikwenda, walimkuta nani. Huyu ametaja wanawake wawili, huyu watatu, huyu mmoja. Huku malaika mmoja, huku wawili. Halafu mwalimu akatueleza kwamba walioandika hawakutia majina yao, majina yaliwekwa baadaye. Hata kitabu chenye jina langu. Wenzangu waliandika, wakapata alama zao, wakaenda kula. Mimi sikuweza kula."

"Ndiyo hayo tu? Nenda kawaulize watu wanne waliotoka harusi moja kama nyama zilikuwa nyingi. Huyu atasema nyingi, huyu atasema aliambulia mchuzi. Kwa hiyo harusi haikuwepo?"

"Hilo nilijiambia mwaka mzima. Halikunituliza."

"Bora ungekuwa na mwanamke!" Asnath akapaza sauti. "Mwanamke ningemfuata, ningemshika nywele, tungemalizana. Sasa vitabu nitavishika wapi?"

Hapo nikacheka. Nilijaribu kukigeuza kiwe kikohozi, kikakataa.

"Bibi! Kumbe hujalala?"

"Nimefumba macho tu, mke mwenzangu. Daktari ndiye aliyeniambia niyapumzishe."

"Shikamoo bibi," Matayo akasema, uso umemshuka.

"Marahaba, mume wangu. Endeleeni. Mlikuwa mmefika kwenye nywele."

Asnath hakucheka. Nikaona jambo ni kubwa kuliko nilivyodhani. Ngoja niwaeleze, mlio mbali. Baba yake Asnath ni mwanangu Mhina, mzee wa kanisa pale Korogwe, mtu wa tai hata siku ya kuchimba choo. Mkewe ni Serafina. Mimi mama yake ni Mwislamu wa Kwaluguru. Kwa watu wetu hilo si ajabu. Idi nawalisha, Krismasi wananilisha. Tangu Matayo aende chuo, Mhina alikuwa anamwita binti yake "mama mchungaji" mbele za watu, hata akiwa anamtuma chumvi.

Asnath akafuta macho kwa kipande cha kitambaa cheupe cha lile joho.

"Nisikilize. Jumapili ijayo ndoa yetu inaanza kutangazwa. Mchungaji Hiza huwa anawaita maharusi mbele, anawauliza kama wanamwamini Mungu. Utasema, 'Ninaamini.' Neno moja. Baada ya hapo maisha yako yote utaamini unachotaka, hata mti."

"Na uchungaji?"

"Tutasema umepata kazi ya kufundisha historia. Si umeshaipata? Basi. Joho nitamkatia mtu mwingine. Lakini hilo neno utalisema. Bila hilo baba hanitoi, na mimi siwezi kuishi na wewe kihuni."

Matayo aliokota futi, akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena.

"Nitajaribu," akasema.

*

Kesho yake Matayo alinisindikiza Kwaluguru, eti nisipotee njiani. Ukweli alikuwa anakimbia macho ya watu wa Korogwe. Akakaa kwangu siku kadhaa, akilala kwa mpwa wangu Athuman, ambaye ni msaidizi wa imamu. Lakini kukaa hakukaa. Alianza kupukuchua mahindi, akaacha. Akachukua ndoo kwenda kisimani, akarudi nayo tupu.

"Maji yako wapi, mume wangu?"

Akaitazama ndoo kama ndiyo inayotakiwa kujibu.

Siku hiyo kulikuwa na maulidi. Nikamwambia twende, mgeni hawezi kubaki nyumbani wakati kijiji kizima kinakula. Wakamkalisha mbele kwa heshima. Kumbe mfanyabiashara mmoja wa Segera alikuwepo na simu yake. Jioni Mhina akapata picha na ujumbe, baadaye Asnath alinisomea:

"Bwana asifiwe mzee. Hivi mkweo mtarajiwa ameshahama? Nimemwona Kwaluguru kwenye maulidi, amekaa mstari wa mbele, sahani imejaa. Tuombeane."

Simu yangu ikalia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona unahema? Umefukuzwa na ng'ombe?"

"Mama, umemsilimisha mkwe wangu!"

"Mimi? Mimi nimempa pilau."

"Amekaa mstari wa mbele!"

"Sahani zilianzia mbele."

"Mama, sitanii!"

"Hajasilimu, Mhina. Kwetu hayuko, kwenu hayuko."

"Sasa yuko wapi?"

"Yuko hapa uani, anapukuchua mahindi vibaya."

"Kidini, mama! Kidini yuko wapi?"

"Hayupo."

"Hakuna mtu hayupo! Kila mtu ana watu wa kumzika!"

Akakata. Mwanangu hajawahi kunikatia simu. Hayo ya kuzikwa yaliniingia kidogo, nikamwita Matayo.

"Mume wangu, ukifa utazikwa na nani?"

"Na watakaokuwepo, bibi."

"Wakija na majani ya chai na sukari bila dua?"

"Basi watakunywa chai."

Sikujua nimpige au nimkumbatie.

Kabla sijaamua, Athuman akaingia na wazee wawili. Habari ya kuhama ilikuwa imefika kwetu pia, na kwetu ilifika ikiwa njema. Athuman alibeba kanzu mpya na kofia, vimekunjwa vizuri.

"Matayo, tumesikia," akasema kwa adabu. "Hatukuharakishi. Ila hata jina tumeshafikiria, Mustafa, kama utaliridhia."

Matayo akasimama, akapokea kanzu kwa mikono miwili, akamrudishia.

"Ahsanteni sana, wazee wangu. Ningekuwa nahama, ningehamia kwa watu walionipokea hivi. Lakini sihami. Nimetoka tu."

"Umetoka kwenda wapi?"

"Nimetoka, Athuman. Basi."

Wazee wakatazamana. Mmoja akaniuliza kwa Kizigua kama kijana anaumwa. Nikasema sidhani, anakula vizuri.

Athuman akakuna kichwa. "Wale wakisema amekuja kwetu, na sisi tukisema amebaki kwao, si atabaki hana mtu?"

"Ndiyo hali yangu," Matayo akasema.

*

Msiniulize nilisikiaje maneno ya simu. Matayo aliiweka kwenye spika, akaongea akizunguka uani kama mtu anayetafuta mbuzi, na mimi nilikuwa nachambua mchele palepale.

"Kweli umesilimu?" Asnath aliuliza hata salamu hakuna.

"Sijasilimu."

"Kama umesilimu niambie, Matayo. Hilo naweza kulipanga. Familia yetu inalijua. Baba angenuna, bibi angechinja mbuzi, baada ya mwaka yangeisha. Lakini hili lako la kuwa hewani, watu hawajui hata wanipe pole ya aina gani!"

"Sijasilimu, Asnath."

"Basi Jumapili utasema?"

Matayo akaenda hadi kwenye mpapai, akarudi.

"Najizoeza. Leo asubuhi nilikuwa shambani, nikayaambia mahindi, 'Ninaamini.'"

"Ulisikikaje?"

"Kama mtu anauza dawa ya panya."

"Usinichekeshe. Ukichekacheka mbele ya baba, nakufa hapohapo."

"Asnath, na wewe utakuwa umesimama pembeni yangu. Utanisikia."

"Nitaziba masikio. Mimi nakupenda wewe, Matayo, sikupendi kwa ajili ya joho. Sema hilo neno unioe."

Akakata. Kijana akakaa chini, akachukua gunzi la muhindi lililokwisha kupukuchuliwa, akaanza kulipukuchua.

*

Jumamosi mchana Mhina akawaita wote kwake Korogwe. Sebuleni alikuwepo yeye na tai yake, Serafina na chai, Asnath na macho mekundu, na Mchungaji Hiza na soda. Mimi sikuitwa. Nikasema nimekuja kumwona daktari, na daktari Jumamosi hayupo, basi nikakaa.

"Kesho ndoa inatangazwa," Mhina akaanza. "Nimeshaelezwa mengi juu ya huyu kijana, hata sijui niamini lipi. Sitaki aibu ya ghafla kanisani. Matayo, sema hapa, tusikie."

"Niseme nini, baba?"

"Unamwamini Mungu, na Yesu Kristo mwanawe?"

Asnath akamtazama. Midomo yake ilikuwa inalisema lile neno polepole, kama mwalimu anayemsaidia mwanafunzi wake alikariri.

Matayo akamgeukia Mhina.

"Siwezi, baba."

"Yesu wangu!" Serafina akaweka birika chini.

"Mashaka ni jambo la kawaida," Mchungaji Hiza akasema kwa upole. "Sema kwanza, Matayo. Mengine tutakaa mimi na wewe, tutaongea."

"Mchungaji," Asnath akamgeukia. "Hayo aliyofundishwa huko chuoni, na wewe ulifundishwa?"

Mchungaji akainua chupa. Soda ilikuwa imekwisha, lakini aliinywa.

"Tulifundishwa."

"Kwamba majina ya wale walioandika yaliwekwa baadaye?"

"Hilo, na mengine."

"Kumbe!" Serafina akasema. "Na miaka yote umetunyamazia?"

"Mama Asnath, nikisimama pale mbele naona mjane, naona mtu aliyetoka hospitali. Nianze kumwambia nani aliandika nini? Mimi niliyasoma yote, na ninaamini. Kwangu hayajagombana."

"Ungetuambia, tukajua wenyewe kama yanagombana."

"Mama, mimi simlaumu mchungaji," Matayo akasema. "Yeye alisoma akabaki. Mimi nilisoma nikajikuta nje. Hata sikuusikia mlango."

Nilidhani Mhina ataruka. Badala yake akalegeza tai, akasogeza kiti mpaka magoti yake yakakaribia ya Matayo.

"Mwanangu, nikuambie kitu. Mimi nilizaliwa na huyu mama hapa, nikasoma madrasa. Nikamwona Serafina anaimba kwaya. Baba yake akaniambia, bila ubatizo hupati binti. Nikaenda. Nikaulizwa mbele ya watu, unaamini? Nikasema, ninaamini. Matayo, sikuwa naamini hata kidogo! Nilichokuwa naamini ni Serafina. Imani ilikuja baadaye, mtoto wetu wa kwanza alipougua. Ilikuja kweli, naapa. Neno lilianza, moyo ukafuata. Sema tu. Itakuja."

Nimemsikia mwanangu akihubiri mara nyingi, nikisimama nje ya kanisa lao na mwavuli wangu. Sijawahi kumsikia akihubiri vizuri kama siku ile. Tatizo alisahau nani wamo chumbani.

"Baba Asnath," Serafina akaita.

"Naam."

"Siku ile unabatizwa ulinitazama."

"Nilikutazama."

"Mimi nililia. Nilimwambia Mungu, ahsante, umenipa mtu aliyekufuata wewe."

"Serafina, si nimesema ilikuja—"

"Kila binti wa kwaya nimemsimulia. Nawaambia, mume wangu hakuja kwa ajili yangu, alimjia Bwana. Kumbe ninatembeza uongo wako mji mzima na mimi sijui!"

Akainuka na birika lake. Jikoni sufuria zikaanza kugongana, na kwa jinsi zilivyogongana, hakuna aliyethubutu kumfuata.

Matayo akainamisha kichwa.

"Baba, wewe ulilisema lile neno, mama akiwa hajui. Mimi nitasema nikijua si kweli, na Asnath atakuwa pembeni naye anajua. Kesho kutwa nikimwambia nampenda, atalipima na lile la kanisani."

"Basi huna mke hapa," Mhina akasema, lakini sauti haikuwa na nguvu.

Asnath akasimama. Mjukuu wangu ni mfupi, ila siku hiyo alilingana na mlango.

"Baba, mimi ndiye niliyemfundisha aseme. Wiki nzima namkaririsha. Wewe umemwomba adanganye. Mchungaji naye amemwomba, kwa upole. Ametukatalia wote watatu, na anajua akikataa ananikosa." Akanyoosha kidole jikoni. "Sasa msikilize mama anavyopiga sufuria. Umeishi naye miaka yote hii, leo ndiyo kwanza anajua aliolewa na nani. Mimi sitaki kuja kupiga sufuria uzeeni. Huyu Matayo siku akiniambia alikuwa Segera, nitajua alikuwa Segera."

"Asnath..." Matayo akasema.

"Nyamaza, sijamaliza kukukasirikia. Mchungaji, futa tangazo la kesho."

"Utafungia wapi ndoa, binti yangu?" Mchungaji Hiza akauliza.

"Bomani."

"Unajua utaratibu wetu. Utatengwa na meza ya Bwana. Kwaya nayo..."

Kwaya ndiyo maisha ya Asnath, hata akishona anaikanyaga cherehani kwa mdundo wa sauti ya kwanza.

"Nitakaa benchi la nyuma," akasema machozi yakimshuka. "Nitaimba palepale kwenye benchi, mnifukuze mkiweza. Mimi ninaamini, mchungaji. Mimi sijatoka popote. Aliyetoka ni yeye."

"Mguu wangu hautakanyaga huko bomani," Mhina akasema.

"Nitakukumbuka, baba."

*

Siku za tangazo la serikali zikapita bila pingamizi, ingawa watu walikuwa wanakwenda kulisoma pale ubaoni kama matokeo ya mtihani. Mhina hakusema na mkewe, mkewe hakusema naye. Wakatumiana paka: 'Mwambie baba Asnath chai iko mezani.'

Siku yenyewe tukaingia kwenye chumba kidogo cha bomani. Asnath alivaa gauni alilojishonea mwenyewe. Matayo alikuwa na suti ya kuazima, na miguu haitulii, anakanyaga hapa, anakanyaga pale. Kulikuwa na Serafina, wasichana wawili wa kwaya waliokuja kwa kujificha, Athuman akiwa shahidi, na mimi. Pembeni ya Serafina kiti kilikuwa kitupu na hakuna aliyekigusa.

Afisa wa kufungisha ndoa alikuwa mama mmoja mcheshi mwenye miwani.

"Bwana harusi, dini?"

"Sina."

Akamtazama juu ya miwani. "Kwa maana ya kwamba bado hujaamua?"

"Nimeshaamua, mama."

"Haya. Hata serikali yenyewe haina dini, mtaelewana." Akaweka kalamu chini. "Lakini mimi jambo kubwa kama hili siwezi kulianza kikavukavu. Nani atatuongoza kwa sala?"

Tukatazamana. Wasichana wa kwaya wakaangalia kucha. Serafina alikuwa ameshalia, sauti hana. Asnath akajaribu, ikatoka hewa. Athuman akaona si zamu ya msikiti. Mtu mwingine pekee mle ndani aliyesomea kuombea watu alikuwa Matayo, naye anatazama sakafu. Nikaona mkono wa Asnath unaanza kuteleza kutoka kwenye mkono wa Matayo.

Sasa, macho yangu yalikuwa yameshatibiwa. Na dirishani, nyuma ya nondo, nilikuwa nimeona kitambo kirefu ncha ya tai.

Nikasimama.

"Nitaomba mimi!" nikasema kwa sauti ya kuitia mtu mtoni. "Kwa utaratibu wetu sisi wa Kwaluguru! Kwa Kiarabu! Na nitaomba kirefu!"

Nikanyanyua mikono. "Bismillahi..."

Mlango ukafunguka kwa kishindo.

"Mama, kaa chini," Mhina akasema.

"Wewe si mguu wako haukanyagi?"

"Mama, naomba ukae. Harusi ya mwanangu haiwezi kuanzia Kwaluguru, na haiwezi kuanza na kimya."

Akafumba macho, akaomba. Aliombea mvua, barabara, serikali, yule mama wa miwani, watoto ambao hawajazaliwa. Akaniombea mimi nione nuru, nikaitikia kwa adabu. Akamwombea Asnath. Akafika kwa Matayo, akakwama.

"Na huyu..." Akashika tai. "Na huyu, Bwana, unamjua mwenyewe. Mimi sijui nikuambie nini. Hadanganyi. Ninalolijua ni hilo tu. Amina."

"Amina," wakaitikia watu. Athuman na mimi tukaitikia kwa lafudhi yetu.

Asnath akafungua jicho moja, akamwangalia Matayo. Nami nikafungua langu. Kijana hakuitikia. Alikuwa amembana mjukuu wangu mkono.

"Ahsante, baba," akasema.

Mhina, macho bado ameyafumba, akajibu, "Sikuwa naongea na wewe."

Ndipo Serafina akacheka. Alicheka mpaka afisa akaweka miwani mezani kumngoja, na alipomaliza akapigapiga kile kiti kilichokuwa kitupu.

"Kaa basi, baba Asnath."

"Nimekuja kuomba tu."

"Kaa."

Akakaa, nusu ya kiti. Afisa akachukua kalamu yake. Alipofika kwenye kuulizana kama wanakubali kuoana, Matayo alisema, "Nakubali," kabla hata swali halijaisha, kwa sauti iliyofika nje kwenye ubao wa matangazo, na mwanangu Mhina, bila kujua kama tunamwona, akasogea akakaa kiti kizima.